Usipunguze Upepo wa Tairi Ukiwa Mlimani

Msimu wa safari ukianza, malalamiko ya madereva kwetu sisi wakaguzi wa magari huwa yale yale: "Nilijaza 33, nimefika mlimani geji inasoma 38, nikapunguza. Nimeteremka, mnaniambia matairi hayana upepo!" Tumeona tufafanue.

Geji haipimi nguvu yote ya hewa iliyo ndani ya tairi. Inapima tofauti ya ndani na nje. Usawa wa bahari, hewa ya nje hukandamiza kwa takriban PSI 14.7 (PSI ni pauni kwa inchi ya mraba, ndicho kipimo cha namba zote hizi), kwenye mwinuko wa mita 2,000 hubaki 11.5 hivi. Kwa hiyo tairi la 33 lingesoma 36 bila mtu kuligusa. Ila mlimani kuna baridi, na baridi hushusha upepo: joto likipungua nyuzi 13, jambo la kawaida kwa mwinuko huo, geji hurudi 34. Nyongeza yenyewe ni PSI 1 tu. Ile 38 ni joto la safari, na tunarudia hili kila mwaka: tairi halipimwi likiwa la moto. Liache lipoe kwa muda wa saa 3.

Aliyetoa PSI 5 kule juu, kesho yake asubuhi yuko bondeni na 28. Tairi legevu hujikunja, huchemka, na kwa mwendo kasi au mzigo mzito linaweza kupasuka. Taa ya dashibodi usiitegemee, kwani nyingi huwaka upepo ukishapungua kwa moja ya tano au hata robo.

Kipimo sahihi kipo kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Namba ya ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu, si maelekezo. Mkazi wa mlimani naye afuate kibandiko, ila apimie huko huko, asubuhi.

Kwa upande wa ukaguzi, gari huegeshwa lipoe, hupimwa matairi yote 4 na spea, kila kipimo huandikwa kwenye fomu, dereva husaini. Palipopungua hujazwa na kupimwa upya. Tairi lenye uvimbe au nyuzi zilizotokeza halijazwi; gari haliondoki mpaka libadilishwe. Faini hutegemea sheria ya mahali, na "fundi ndiye aliyepunguza" si utetezi, maana aliyesaini fomu ni dereva. Spea nyembamba ya dharura ina kipimo chake, mara nyingi PSI 60, na hiyo ndiyo tunayoikuta tupu kuliko zote.