Pini Nyingi za Nini?

Swali limerudi tena, safari hii kutoka kwa kijana wa chuo anayefunga mtambo wa maji kwenye nyumba ya wageni huko Jambiani, pwani ya Unguja: "Fundi, ninunue bodi gani yenye pini nyingi?" Bodi ni ile kompyuta ndogo ya kuamrisha mitambo, pini ni miguu yake ya kufungia nyaya. Ana swichi mbili za boya ndani ya tangi, pampu moja ya kisima na taa ya tahadhari. Hesabu hiyo hata mtoto wa skuli anaimaliza: mbili za kuingiza, mbili za kutoa. Bodi yoyote unayoijua inazo na nyingine zinabaki. Lakini yeye anataka pini 40, maana kaambiwa dijitali ni sifuri na moja tu, pini yoyote itafaa.

Jamani! Sifuri na moja zimo kwenye programu. Kwenye waya kuna volti na miliampea, na hizo ndizo za kuuliza kabla hujatoa pesa.

Volti nazipita haraka. Chukua bodi tatu za kawaida: Arduino Uno ni ya volti 5, Raspberry Pi na ESP32 ni za 3.3. Pini ya Pi haikuumbwa kupokea 5, na usiniambie "mbona yangu inafanya kazi tangu Ramadhani". Inafanya, ndiyo. Pini iliyozidishiwa si lazima ife siku hiyo hiyo, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Kinyume chake, Uno huhesabu moja kuanzia asilimia 60 ya umeme wake, yaani volti 3, kwa hiyo 3.3 ya Pi inapenya kwa taabu. Waya ukiwa mfupi, sawa. Ukiwa mrefu weka chipu ya 74HCT katikati iipandishe ishara hadi 5, yeye volti 2 zinamtosha kuhesabu moja.

Pini zikikuishia kweli, chipu ya MCP23017 inakuongezea 16 kwa nyaya mbili za mawasiliano, na chipu nane zinakaa kwenye nyaya hizo hizo. Ila soma karatasi mpya ya mtengenezaji: pini zake mbili, GPA7 na GPB7, sasa zimeandikwa ni za kutoa tu. Na wenye madaftari ya zamani ya kuwasha taa kupitia mlango wa printa wa kompyuta za zamani, ule ambao programu iliuita anwani 378: laptopu ya leo haina mlango huo, na ule waya wa USB wa printa haukurudishii anwani hiyo. Fungeni daftari.

Tuje kwenye kuingiza, ambako kila mtu anadhani hakuna kazi.

Kitabu kinasema: funga swichi kati ya pini na graundi (sifuri ya umeme), washa resista ya ndani ya kuvuta juu, inayoishikilia pini kwenye moja mpaka swichi igusane, basi. (Kwenye ESP32, pini 34 hadi 39 hazina hata hiyo resista, na haziwezi kutoa chochote. Hizo nazo mnazihesabu katika "pini nyingi".) Mezani kitabu kinasema kweli. Lakini resista hiyo ya ndani ni kama kiloomu 45. Gawa 3.3 kwa 45,000 uone kinachopita: hakifiki hata sehemu ya kumi ya miliampea moja. Swichi nyingi za boya zimetengenezwa zikate umeme wa pampu moja kwa moja. Pointi zake, vile vyuma viwili vinavyogusana, aghalabu ni vya fedha, na fedha huota utando mwembamba juu. Kinachoutoboa utando ule ni umeme wenyewe, volti za kutosha na miliampea kadhaa kila pointi zinapokutana. Kwa mkondo wa chozi namna ile, boya linapanda, unasikia "tak", na bodi bado inasoma kwamba swichi iko wazi, haijagusana.

Sasa leta kusi ya Jambiani. Chumvi inakaa kwenye kila terminali, na chumvi ikipata unyevu inapitisha umeme. Una maradhi mawili yanayopingana: swichi iliyofunga inasomeka wazi, na iliyo wazi inasomeka imefunga. Mwenye programu anaongeza muda wa kusubiri, anaandika upya, anabadilisha bodi. Programu haina kosa!

Mimi hupeleka volti 24 juu ya tangi, zikirudi zinapita kwenye resista ya kiloomu 2.2 hadi optokapla PC817, chipu inayopitisha ishara kwa mwanga bila nyaya za pande mbili kugusana. Hiyo ni kama miliampea 10. Resista iwe ya nusu wati, maana hapo inakula karibu robo wati nzima, na ya robo itakuwa inachemka mchana kutwa. Kadi za viwandani hutumia mtindo huo: chini ya volti 5 ni sifuri, kuanzia 15 ni moja, na kelele za waya wa pampu zinapotelea katikati. Hizo miliampea 10 nimezichagua kwa mazoea. Viwanda huridhika hata na 2. Kwa hewa yetu naona 2 ni kidogo, ila sina kipimo cha kukushindia ubishi, na nimeona swichi mbili za boksi moja, moja ikadumu, mwenzake akagoma mapema, bila sababu ya kunitosheleza.

Kutoa nako kuna imani yake: relei ya bluu, ile swichi inayovutwa na koili, imeandikwa 10A, pampu ya nguvu ya farasi mmoja inakula kama ampea 5 au 6, kwa hiyo inabeba. Haibebi. Ile 10 ni ya mzigo mtulivu kama hita. Mota inapoanza huvuta mara tano hadi saba ya mkondo wake, pointi zinaungana kama zimechomelewa, na programu ikisema "zima" pampu inaendelea mpaka maji yamwagike darini. Relei iamrishe kontakta, yaani relei kubwa ya mota, kontakta ibebe pampu. Wala usiiunganishe koili ya relei na pini: koili ya volti 5 hutaka kama miliampea 70, pini ya Uno inashauriwa 20. Transista ya kuibeba koili na dayodi ya kuilinda transista ni vitu vya bei ya chai.

Halafu umeme ukatike urudi, kama ujuavyo. Moduli nyingi za relei huwashwa na sifuri. Ukiitangaza pini ya Uno kuwa ya kutoa kabla ya kuiandikia moja, relei inagonga kila bodi inapoamka. Andika moja kwanza. Kwenye ESP32 pini 12 ikiwa juu, yaani kwenye moja, wakati wa kuwaka, bodi inaweza kukataa kuamka kabisa, kwa hiyo usiifungie swichi ya boya. Na ile pini ya ziada mliyoililia, hii hapa kazi yake: kontakta ina pointi za pembeni zinazofuata mwendo wake, zirudishe kwenye bodi kwa PC817 nyingine, programu ijue pampu imezima kweli au imeambiwa tu izime.