"Fundi, kamera imekufa": ninayoyaona mezani kwa PowerShot A590 IS

"Fundi, kamera imekufa." Tangu vijana waanze tena kutafuta kamera ndogo za kidijitali, hakuna sentensi ninayoisikia zaidi ya hiyo. Mwenye kamera ananikabidhi, uso umeshuka, kisha anaanza kuniuliza bei ya spea. Mimi sijibu bei. Nafungua kilango cha chini, natoa betri, nazipima kwa mita, halafu natia zangu mbili zilizojaa. Lenzi inatoka, kioo kinawaka, na mwenye mali anacheka peke yake. Siku za namna hiyo sigusi hata bisibisi.

Natengeneza kamera Kariakoo. Kuna wakati nilidhani kazi hii imekwisha. Kwa hesabu za CIPA, umoja wa watengenezaji kamera wa Japani, mwaka 2010 zilitoka viwandani kwenda sokoni kamera za kidijitali zaidi ya milioni 120, na nyingi sana zilikuwa hizi ndogo za mfukoni. Mwaka 2023 kamera zote kwa pamoja hazikufika milioni 8, na ndogo hazikufika hata milioni 2. Simu ilizimeza. Sasa binti wa miaka ishirini anakuja na kamera iliyotoka kiwandani yeye akiwa chekechea, kaipata kwenye mzigo wa mtumba, na anataka iishi. Nafurahi kuwaona, kwa hiyo nimeona niandike yale ninayoyarudia kila siku kwa mdomo.

Nitaizungumzia zaidi Canon PowerShot A590 IS kwa sababu ndiyo inayopita mikononi mwangu mara nyingi, na kwa sababu naipenda. Ilitoka mwaka 2008. Ina megapikseli 8, zumu ya mara nne, lenzi yenye kizuia mtikisiko, na inatumia betri mbili za AA, zile za saa ya ukutani. Juu ya kioo cha nyuma ina kidirisha kidogo cha kuchungulia kwa jicho. Hicho kidirisha ni kitu cha thamani kwa mtu wa hapa: saa saba mchana ufukweni Kigamboni kioo cha kamera kinageuka kuwa kioo cha kujitazamia, huoni picha, unajiona wewe. Ukiweka jicho kwenye kidirisha unaona, na ukizima kioo betri zinadumu. Kumbuka tu kwamba kidirisha kinaonyesha eneo dogo kuliko litakaloingia kwenye picha, hivyo usishangae mtu wa pembeni akitokea.

Tuanze na betri, maana humo ndimo ugomvi mwingi ulipo.

Mzee mmoja alikuja kutoka Kibaha. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia, kwa hasira kidogo, kwamba betri alizonunua ni nzima, kazijaribu kwenye redio na redio inaimba. Alikuwa anasema kweli. Betri ni kama tangi la maji lenye bomba. Redio inakunywa kidogo kidogo, hata bomba liwe jembamba inatosheka. Kamera inapowashwa inasukuma lenzi nje, inawasha kioo na kuanza kuchaji flashi, yote kwa mara moja. Inataka maji mengi kwa ghafla. Betri za bei nafuu za kaboni zina maji ndani, ila bomba lake ni jembamba. Volti inashuka, kamera inaona imeishiwa, inazima. Ukiitoa betri ileile ukairudisha redioni, inaimba tena. Mzee nilimwonyesha kwa mita: betri zikiwa zimekaa tu, volti inasoma vizuri, nikaziwekea mzigo, sindano ikaanguka palepale. Akanyamaza, akaomba aone tena.

Betri za alkali zinafanya kazi, lakini kwa matumizi ya kila wiki zitakumaliza pesa. Zinazofaa ni za kuchaji, za NiMH. Kila moja imeandikwa volti 1.2, si 1.5, na watu wanaogopa wakidhani ni dhaifu. Hapana. Zina bomba pana, na volti yake haitetereki mpaka zinakaribia kuisha. Kasoro ya zile za kawaida ni kwamba zinavuja chaji zikiwa zimekaa. Unachaji leo, harusi ni baada ya mwezi, unakuta zimepungua sana. Sanyo walitoa Eneloop mwaka 2005 kuondoa tatizo hilo, na siku hizi zinauzwa kwa jina la Panasonic. Zinakaa na chaji kwa miezi mingi. Kampuni nyingine nazo zina za aina hiyo. Tafuta maandishi kwamba zimeshachajiwa tayari kwa matumizi.

Za bandia ni nyingi, nazo zinajitangaza kwa namba kubwa. Ukiona betri ya AA ya NiMH imeandikwa 3800 au 4500 mAh, kipimo cha chaji inayobeba, iache dukani. Nzuri kabisa haivuki sana 2700. Ninapokuwa na mashaka navuka barabara kwa jirani yangu sonara, naiweka kwenye mizani yake ya dhahabu. Ya kweli inakwenda gramu 26 hadi 30 hivi. Niliwahi kupima moja ikaja gramu 15. Ndani ya ganda kubwa walikuwa wameweka kibetri kidogo na nafasi tupu.

Kuna hatari moja kubwa kuliko hizo. Kuna betri za lithiamu za tochi, zinaitwa 14500, ambazo umbo lake ni sawasawa na AA. Zinaingia bila kubisha. Lakini kila moja ina volti 3.7, kwa hiyo mbili zinapeleka zaidi ya volti 7 mahali palipotengenezwa kupokea 3. Kijana mmoja alizitia kwa nia njema, akitaka kamera "ipate nguvu". Alinusa harufu ya kuungua kabla hajaona lolote. Ile sikuweza kuiokoa. Soma maandishi ya kwenye betri kabla hujaitia, kila mara.

Na betri za alkali zikisahauliwa ndani hutapika. Utakuta unga mweupe au wa kijani kwenye vile vibati vya kugusisha. Usikwangue kwa kisu. Chukua pamba ya masikio, ilowanishe kidogo sana kwa siki, sugua. Utaona povu dogo likichemka, hiyo ndiyo siki inaua magadi ya betri. Kisha pitisha pamba nyingine yenye spiriti, uache pakauke. Kibati kikirudi kung'aa, kamera nayo hurudi.

Ugonjwa wa pili ni lenzi kutoka nusu na kugoma. Inatoa mlio, inaandika kuna tatizo la lenzi, inazima huku pua ikiwa nje. Ndani mna mota ndogo na meno ya plastiki yanayosukuma mapipa matatu yaliyoingiliana, na kuna kihisi kinachohesabu mapipa yamefika wapi. Yasipofika kwa wakati, kamera inasimamisha kila kitu ili isivunje meno. Chembe moja ya mchanga katikati ya mapipa inatosha. Kwa sisi watu wa pwani mchanga haukwepeki: unaingia mfukoni mwa suruali, unakaa kwenye mkoba pamoja na kamera, na siku nyingine ukiwasha, pipa linaufuata.

Kwanza badilisha betri, kwa sababu mota ikikosa nguvu inatoa ujumbe uleule. Isipokubali, ielekeze lenzi chini na upulizie ukingoni mwa mapipa kwa pampu ndogo ya mpira. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Chukua kipande cha karatasi nyembamba ya risiti, kipitishe taratibu kwenye mwanya kuzunguka pipa. Chembe mara nyingi inanaswa hapo. Usitie mafuta ya aina yoyote. Mafuta yanaupokea mchanga na kuutunza, na yakifika kwenye shata, kile kilango kinachopitisha mwanga, au kioo cha ndani, kazi imekuwa kubwa kuliko thamani ya kamera. Na tafadhali usiifungue nyumbani. Ndani mna kapasita ya flashi inayohifadhi takriban volti 300 hata betri zikiwa nje. Ilinirusha mkono mara moja nilipokuwa najifunza, na hadi leo kabla sijafanya lolote naimaliza chaji yake kwanza.

Ukungu wa lenzi ndio unaonihuzunisha, kwa sababu hauna mlio wala ujumbe. Mtu anasema picha zake zimekuwa kama zimepigwa kupitia chandarua. Namulika lenzi kwa tochi kutoka ubavuni, na naziona: nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, zimetambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati ya kioo. Kuvu hupenda giza, joto na unyevu, na Dar wakati wa masika kabati la nguo linampa vyote vitatu. Mkoba wa ngozi ndio mbaya zaidi, unanyonya unyevu na kuushika. Kwenye kamera hizi ndogo vioo vya ndani ni vigumu kufikiwa, hivyo tiba ni kuzuia. Iweke kwenye kopo la plastiki linaloziba vizuri, pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja na viatu, na uvibadilishe vikichoka. Mchele hapana, vumbi lake linaingia mlemle. Na itumie kamera. Inayotoka nje mara kwa mara sijaikuta na ukungu mkubwa.

Memori kadi nitaipitia haraka. A590 IS inasoma SD na SDHC, na SDHC mwisho wake ni GB 32. Madukani sasa wanakupa 64 au 128 kwa kuamini wanakufadhili, na kamera inaikataa. Si mbovu, ni ya kizazi kingine. Tafuta 16 au 32, iformati ndani ya kamera yenyewe, si kwenye kompyuta. Ikisema kadi imefungwa, tazama kile kitufe cha ubavuni mwa kadi. Tarehe nayo: mna kibetri bapa kidogo cha kutunza saa. Kikifa, kamera itakuuliza tarehe kila ukibadilisha betri, na wengi huruka swali. Baba mmoja alipiga picha za mipaka ya kiwanja chake kwenye mgogoro, na faili zote zikawa na tarehe ya miaka iliyopita. Kibetri hicho ni bei ya soda.

Sasa picha zenyewe. Dada mmoja anayepiga picha za send-off aliniletea kamera akisema inaweka watu giza. Niliangalia kadi yake: bibi harusi kavaa nyeupe tupu, kasimama mbele ya pazia jeupe, na uso wake mweusi mzuri umezama hauonekani. Kamera haijui inamtazama nani. Inakusanya mwanga wote inaouona na kuutafutia kiwango cha kati. Ukiijazia weupe, inapunguza mwanga, na ngozi yetu ndiyo inayolipa. Nilimwonyesha kugeuza kirungu cha juu kutoka otomatiki kwenda P, kisha kupandisha mwangaza kwa ile alama ya jumlisha na kutoa hadi +2/3. Nje kwenye jua la utosi, washa flashi kwa lazima, ile alama ya radi, ili iondoe kivuli machoni. ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, iache kati ya 80 na 200 panapowezekana. Ukivuka 400 kihisi kidogo kama hiki, kile kipande kinachopokea picha, kinaanza kutoa punje punje kama mchanga kwenye picha. Alirudi wiki iliyofuata kunionyesha. Nyuso zilikuwepo, na vishaufu vya puani vilikuwa vinang'aa.

Vijana wananiuliza kama ni kweli kihisi cha CCD, ambacho kamera hii inacho, ndicho kinachotoa zile rangi za zamani wanazozipenda. Mimi naona sifa inapewa asiyehusika. Rangi zinatengenezwa zaidi na vichujio vilivyo juu ya kihisi na programu ya kamera inayopika picha. Flashi kali ya usoni na lenzi ndogo vina mchango mkubwa katika ule muonekano kuliko herufi tatu za CCD. Kwa hiyo usilipe mara mbili kwa sababu tu muuzaji katamka neno hilo.

Ukienda kununua, nenda na betri zako na kadi yako. Washa na uzime mara kumi, sikiliza lenzi; mlio wa kukwaruza ni mchanga. Piga picha ya ukuta mweupe, ikuze, tafuta madoa. Mulika lenzi kwa tochi ya simu kutoka ubavuni. Piga flashi mara tano mfululizo. Fungua kilango cha betri unuse na utazame vibati.

Na ukija kwangu, usiniletee kamera peke yake. Njoo na betri zilezile zilizokuwa ndani, chaja yako, kadi yako, na mkoba unaoibebea. Mkoba naukung'uta juu ya karatasi nyeupe, nione kinachoanguka.