Ubongo Haufanyi Kazi Mbili za Fikra kwa Pamoja

Imeaminiwa kwa miaka mingi kwamba mchapakazi hodari ni yule anayeandika ripoti, kujibu ujumbe na kufuatilia mkutano wa mtandaoni kwa wakati mmoja. Imani hiyo haina msingi. Kazi mbili zinazodai fikra hazitendwi pamoja. Ubongo huhama haraka kutoka moja hadi nyingine, na kila uhamaji hugharimu muda na usahihi. Mwaka 2009, Eyal Ophir, Clifford Nass na Anthony Wagner wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapima watu waliozoea kutumia vyombo vingi vya habari kwa pamoja, wakakuta kwamba hao ndio waliopata taabu zaidi kupuuza yasiyohusika na hata kuhama kutoka jukumu moja hadi jingine, ustadi ambao mtu angetarajia wawe nao kuliko wengine. Mwaka huohuo, mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba sehemu ya umakini huweza kubaki kwenye kazi iliyoachwa. Kutembea huku ukisikiliza redio ni jambo tofauti, kwani kutembea hakudai fikra nyingi. Kwa hiyo anayezima arifa na kufunga kurasa zisizohitajika anapoandika, kisha akasoma ujumbe wote kwa mkupuo mmoja, hawadharau wanaosubiri majibu yake.