Kisogo chako unakijua kwa kuambiwa

Mwalimu mmoja alikuja kwangu hapa Bukavu kwa sababu mke wake anamwita mkali. (Nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike.) "Mimi ni mvumilivu, daktari. Hata wenzangu shuleni wanajua." Sikumbishia. Nilimpa daftari dogo, nikamwomba aandike kwa wiki mbili kila mara anapopandisha sauti: saa ngapi, kwa nani, nini kilitangulia. Sababu asiandike.

Aliporudi tulilisoma pamoja. Mara 17. Mke, watoto, dada wa kazi, kijana wa pikipiki. Kwa mkuu wa shule hata mara moja, ingawa mkuu huyo alimkatiza maneno mbele ya wanafunzi siku mbili mfululizo. Alinyamaza muda mrefu. Uvumilivu alikuwa nao kweli, ila ulikuwa wa kupanda tu. Kwa walio chini yake haukushuka.

Watu huniuliza kwa nini ninakataza sababu. Mwaka 1977 wanasaikolojia wa Marekani, Richard Nisbett na Timothy Wilson, walieleza jaribio walilofanya dukani. Soksi ndefu za nailoni, jozi nne, zilipangwa kwa mstari, na wapita njia wakaombwa kuchagua iliyo bora. Asilimia 40 walichukua ya mwisho kulia, asilimia 12 tu ya mwisho kushoto. Jozi zote zilikuwa sawasawa kabisa. Walipoulizwa sababu, walitaja ubora wa ile waliyochagua. Hakuna aliyetaja mahali ilipowekwa, na walipoulizwa wazi kama mpangilio ndio uliowavuta, karibu wote walikana. Hawakudanganya. Akili iliulizwa sababu, ikatengeneza moja inayofanana na ukweli. Nikipita soko la Kadutu nikamwona mama anageuza kikwembe huku na huku, anaeleza kwa nini hiki na si kile, nawakumbuka watu wale, kisha nakumbuka sababu zangu mwenyewe.

Si kwamba ndani hatuoni kitu. Mtafiti Simine Vazire alionyesha mwaka 2010 kwamba mambo kama wasiwasi mtu huyajua mwenyewe kuliko rafiki zake, kwa maana wao hawaoni moyo unavyodunda. Lakini kwenye mambo yenye sifa na aibu, kama akili au ubunifu, rafiki huona vizuri zaidi, maana hapo tuna haja kubwa ya kujipendelea. Kwa hiyo usiku hulali? Jisikilize. Unataka kujua kama una kiburi? Uliza.

Na kuuliza kwetu kuna ugumu wake. Mdogo wako hawezi kukuambia "yaya, una kiburi" (yaya kwetu ni kaka au dada mkubwa). Atakupa heshima, na heshima haitakusaidia hapo. Usiulize "mimi ni mtu wa namna gani?" Omba tukio: "Mara ya mwisho nilipokukwaza, nilifanya nini?" Muulize asiyekula kwako wala kukudai. Akianza kusimulia, funga mdomo. Ukijitetea mara moja tu, hatakuambia la pili.

Imani zetu ni ngumu kuzijua kuliko tabia, kwa kuwa tunazisema vizuri sana. Mimi nimefundisha miaka mingi kwamba mtoto wa kike na wa kiume ni sawa, na ninaliamini hilo kwa moyo wote. Msimu mmoja wa kiangazi bomba la mtaa wetu lilikauka, maji tukawa tunateka bondeni. Nikajifanyia kazi ninayowapa wengine: niliandika nani anabeba. Kwa wiki moja binti yangu alibeba bidoni 23. Kaka yake, anayemzidi miaka miwili, alibeba 4. Hakuna siku niliyosema "wewe ni msichana, nenda." Nilikuwa naita tu jina, na jina lililotoka mdomoni lilikuwa lake karibu kila mara.

Ningeulizwa sababu, ningekuwa nayo: yeye ni mwepesi kuamka, kaka yake ana mtihani. Binti naye alikuwa na mtihani.

Sikuwahutubia watoto. Nilibandika karatasi ya zamu jikoni, na nikaendelea kuandika, kwa maana mdomo wangu bado ulikuwa unaita jina lile lile. Wiki ya tatu kijana alibeba 12, dada yake 14. Siku moja ya wiki hiyo binti alikaa mezani na daftari lake la hesabu saa kumi jioni, wakati bado kuna mwanga.