Kitovu cha tungamo la mwili: maswali ya wanafunzi na majibu yake

Je, ni kile kitovu cha tumboni?

Sicho, ila jina linawapoteza wengi. Kitovu cha tungamo ni nukta ambayo uzito wote wa mwili huhesabiwa kana kwamba umekusanyika hapo. Mtu mzima akisimama wima, mikono ikining'inia, nukta hiyo huwa ndani ya fupanyonga, sentimita chache chini ya kitovu cha tumboni. Kutoka sakafuni ni kama asilimia 55 hadi 57 ya kimo chake, na kwa wanawake kwa wastani huwa chini kidogo kuliko kwa wanaume.

Hukaa palepale siku zote?

Hapana. Inua mikono, nayo hupanda. Beba ndoo kwa mkono wa kulia, huvutwa kulia. Ndiyo maana kiwiliwili huegemea kushoto bila kuambiwa. Mimba ikikua, husogea mbele, na mama hujirudisha nyuma kiunoni ili asielemewe. Ukiinama kugusa vidole vya miguu, inaweza hata kutoka nje ya mwili, ikawa hewani mbele ya tumbo. Wanafunzi hukataa jambo hili mwanzoni. Wakumbushe kwamba kitovu cha tungamo la pete kiko kwenye tundu.

Tunaipimaje darasani?

Tafuta ubao imara wa mita 2.2, mizani ya kupimia watu na gogo lenye kimo sawa na mizani. Weka kipande chembamba cha mbao juu ya kila kimoja, umbali wa mita 2 kamili kati yao, kisha laza ubao ukizidi sawasawa pande zote mbili. Soma mizani ubao ukiwa mtupu. Mwanafunzi alale chali, nyayo zikiwa juu ya kipande cha upande wa gogo, kichwa upande wa mizani. Soma tena, toa usomaji wa kwanza, zidisha kwa 2, gawanya kwa uzito wa mwanafunzi.

Mfano: uzito kilo 50, kimo sentimita 172, ongezeko kilo 24. Jibu ni mita 0.96 kutoka nyayoni, yaani karibu asilimia 56.

Kosa kubwa ni kusahau kutoa uzito wa ubao. Ubao wa kilo 12 huweka kilo 6 kwenye mizani. Usipozitoa, jibu linaruka sentimita 24 na nukta inaishia kifuani. Kichwa kisiinuliwe wakati wa kusoma.

Yanahusu nini afya?

Keti wima, nyayo mbele ya magoti, jaribu kusimama bila kuinamia mbele. Huwezi, kwa sababu nukta iko juu ya kiti, si juu ya nyayo. Mzee anayerudi kitini kwa kishindo mara nyingi hukwama hapohapo, hata kama miguu yake ina nguvu. Mwelekeze asogee ukingoni mwa kiti, arudishe nyayo nyuma kidogo ya magoti, ainame mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu, ndipo asukume.