Rojo moto la jibini la kuchovya, lisilokatika mbele ya wageni

Tatizo la rojo la jibini hujirudia karibu kila jikoni. Sufuriani lilikuwa laini na linang'aa, lakini halijamaliza dakika kumi mezani, juu pameelea mafuta ya manjano na chini yamebaki mabonge yanayovutika. Limekatika, kama maziwa yanavyokatika. Wengi huilaumu jibini, na mara nyingi jibini haina kosa lolote. Kosa ni moto uliokuwa mkali wakati jibini inaingia.

Jibini ni mafuta na maji yaliyonaswa ndani ya wavu wa protini iitwayo kaseini, na kalsiamu ndiyo inayoushikilia wavu huo. Ukiipasha polepole, mafuta huyeyuka kwanza, kwenye nyuzijoto 30 na kitu za Selsiasi. Ukikaribia nyuzi 60, wavu wenyewe unalegea na jibini inaanza kutiririka. Hapo ndipo tunapopataka. Ukipitiliza, ukafika nyuzi 80 na zaidi, wavu unajikaza kama kitambaa kinachokamuliwa: maji yanachuruzika, mafuta yanatoka, protini inagandamana. Kwa hiyo kazi ya mpishi ni mbili tu: kuyeyusha jibini bila kuifikisha huko, na kuweka kitu katikati kitakachozuia mafuta yasikutane yakaelea.

Waswisi Walter Gerber na Fritz Stettler walilipatia hili jibu mwaka 1911 huko Thun, walipoyeyusha jibini ya Emmental pamoja na sitrati ya sodiamu. Chumvi hiyo huondoa sehemu ya kalsiamu kwenye wavu, kaseini ikalegea na kuyashika mafuta na maji kwa pamoja. Mwaka 1916 James L. Kraft akapata hataza ya jibini yake ya kusindikwa kule Marekani. Ndiyo maana rojo la jibini na pilipili la Texas, lile wanaloliita queso, kwa kawaida hupikwa kwa jibini ya kusindikwa, yenye chumvi za aina hiyo: haikatiki kirahisi. Ladha yake, kwangu, ni hafifu. Napendelea jibini halisi, na ulinzi uutoe kwenye maziwa ya kopo na kornflawa.

Kwa wageni sita hadi wanane, chukua jibini ya Cheddar changa gramu 250 na Gouda gramu 100. Maziwa ya kopo yasiyo na sukari, kopo moja la gramu 400 hivi. Soma kopo vizuri, maana yale mazito matamu hufanana nayo kwa nje na yataharibu kila kitu. Kornflawa kijiko kimoja na nusu cha mezani. Siagi kijiko kimoja cha mezani, kitunguu maji nusu kilichokatwa vidogo sana, kitunguu saumu punje 2, nyanya moja iliyotolewa mbegu na maji yake, pilipili mbuzi moja isiyo na mbegu. Haradali nusu kijiko cha chai, bizari nyembamba robo kijiko cha chai. Chumvi usiitie mapema, kwa sababu Cheddar yenyewe ina chumvi; onja mwishoni.

Uchaguzi wa jibini ndio unaoamua nusu ya matokeo. Cheddar iliyokomaa mwaka mzima na zaidi ina ladha kali nzuri, lakini protini yake imeshakatikakatika na maji yamepungua, hivyo hutema mafuta upesi. Ukiitaka ladha hiyo, tia gramu 50 tu ndani ya ile changa. Mozzarella huleta nyuzi ndefu zinazopendeza kwenye piza. Kwenye bakuli la kuchovya, mgeni mmoja akivuta, rojo la wenzake linamfuata. Jibini ya nyumbani iliyogandishwa kwa limau au siki haiyeyuki kabisa hata uichemshe mpaka kesho, kwa kuwa asidi imeshaiondoa kalsiamu, na joto linazidi kuibana. Na ile inayouzwa ikiwa imekwisha kwaruzwa huwa imepakwa unga wa kuzuia isishikane, unaoweza kuacha rojo na chembechembe. Nunua kipande, ukwaruze mwenyewe kwa tundu ndogo za kikwaruzio cha karoti ikiwa bado na baridi ya friji, kisha uiache nje dakika 20 ipoteze ubaridi. Jibini baridi hushusha joto la sufuria ghafla, nawe utashawishika kuongeza moto. Hapo ndipo balaa huanzia.

Tumia sufuria yenye kitako kizito. Yeyusha siagi kwa moto mdogo, kaanga kitunguu dakika nne au tano kilainike bila kubadilika rangi, tia kitunguu saumu, pilipili na bizari kwa nusu dakika, halafu nyanya. Nyanya ipike mpaka uburute mwiko na maji yasirudi kwenye njia yake. Maji ya nyanya yaliyobaki yatalifanya rojo liwe jepesi baadaye, wakati huna tena nafasi ya kulichemsha.

Toa maziwa mililita 50 uyaweke kando. Koroga kornflawa katika maziwa kidogo yaliyo baridi hadi pasiwe na kidonge, kisha mimina hayo pamoja na maziwa mengine sufuriani. Chemsha taratibu huku ukikoroga hadi chini kabisa, mpaka yaanze kutoa mapovu, uendelee dakika moja zaidi. Kornflawa lazima iive sasa, kabla ya jibini, kwa sababu yenyewe inahitaji joto lile ambalo jibini haiwezi kulivumilia. Isipoiva, rojo litakuwa na ladha ya unga mbichi na halitashika.

Sasa epua. Usipunguze moto tu. Iondoe sufuria jikoni kabisa, hasa kama unatumia jiko la mkaa ambalo halina swichi. Subiri dakika mbili. Tia haradali, kisha jibini konzi moja kwa wakati, ukoroge kwa mwendo wa namba nane mpaka konzi hiyo ipotee ndipo utie nyingine. Kwa kawaida huingia kwa konzi sita au saba. Ikiwa ya mwisho inasuasua, rudisha sufuria kwenye moto mdogo kabisa kwa sekunde 20, uepue tena. Mwenye kipimajoto alenge nyuzi 60 hadi 70. Asiyenacho aangalie mvuke: mvuke mwepesi ni sawa, povu hata moja pembeni ni onyo.

Rojo likiwa sufuriani liwe jepesi kuliko unavyolitaka mezani. Dondosha kijiko kimoja kwenye sahani baridi, uhesabu dakika moja, uliburute kwa kidole. Njia ya kidole ikibaki wazi na kingo zikajiviringa polepole, limefaa. Likikaa kama ugali mdogo, ongeza yale maziwa ya akiba, yakiwa ya moto, kijiko kimoja kimoja.

Ukikosa maziwa ya kopo, kaanga siagi vijiko 2 vya mezani na unga wa ngano vijiko 2 kwa dakika mbili, kisha mimina maziwa ya kawaida mililita 400 kidogo kidogo, yachemke yakizidi kuwa mazito, ndipo uepue na kuendelea na jibini. Ni rojo zuri, zito zaidi, ila unga hufifisha ladha ya jibini kidogo. Mtindi usiutumie hapa. Asidi yake na joto vitakata maziwa.

Anayetaka njia ya Thun anaweza kuitengeneza chumvi ile jikoni. Pima kwa mizani gramu 6 za unga wa asidi ya limau na gramu 8 za magadi ya kuokea, yale ya unga mweupe, siyo magadi ya mawe ya kulainishia maharage. Tia ndani ya maji mililita 250. Yatatoka povu jingi, subiri likome. Umepata sitrati ya sodiamu. Pasha maji hayo, kisha koroga humo jibini ileile gramu 350 kidogo kidogo kwa moto mdogo. Hapa hakuna kornflawa wala maziwa, na ladha ya jibini husikika peke yake. Magadi yakizidi, rojo linakuwa na ladha ya sabuni, kwa hiyo usikadirie kwa macho. Na chumvi ya mezani usiongeze, maana sodiamu imeshatosha.

Likikatika kabla ya kufika mezani, epua mara moja. Kama ni mafuta tu yameelea, mimina vijiko viwili vya maziwa ya kopo ya moto na upige kwa nguvu kwa kile cha waya cha kupigia mayai. Mara nyingi yanarudi. Mabonge yakishakuwa magumu, blenda itayasaga, lakini ulimi utahisi chembechembe. Hilo lipeleke kwenye makaroni ya kuoka, usimwekee mgeni.

Mezani, hotipoti hufanya kazi kuliko bakuli la kupendeza. Ijaze maji yanayochemka dakika tano, yamwage, uikaushe, ndipo umimine rojo. Funika kila wageni wanapopumzika, kwani hewa ndiyo inayoleta utando juu. Bila hotipoti, weka bakuli la udongo ndani ya sufuria ya maji ya moto. Likishapoa chini ya nyuzi 60, lisikae mezani zaidi ya saa mbili.

Vya kuchovya viwe vikavu na vigumu kidogo. Chapati ya jana kata pembetatu, oka nyuzi 180 kwa dakika 10, inafaa kuliko krispi nyembamba zinazovunjikia ndani. Muhogo uliochemshwa kisha ukakaangwa ni mzuri sana. Karoti na tango vifutwe maji kwa kitambaa.

Lililobaki hukaa friji siku tatu. Kulipasha, liweke kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji yanayotokota, na kijiko cha maziwa, ukikoroga tangu linapoanza kulegea. Kwenye maikrowevu, nguvu ya nusu, sekunde 30, koroga, rudia.