Gitaa la mapajani: kabla ya kulaumu amplifaya

Kitengo chetu cha ala za nyuzi kimepokea malalamiko mengi muhula huu kutoka kwa wanaoanza gitaa la mapajani, lile linalolazwa mapajani na kupigwa kwa kipande cha chuma kinachoteleza juu ya nyuzi: wanadai ala ni mbovu. Ieleweke kwamba kila gitaa hukaguliwa kabla ya kutoka stoo. Joseph Kekuku wa Hawaii, anayetajwa kuwa mvumbuzi wa upigaji huu, aliondoka kwao mwaka 1904 kwenda kuwapigia watu wa Marekani bara, na hakuwa na amplifaya.

Mara nyingi kasoro iko mkono wa kushoto. Nyuzi zimeinuliwa hazigusi shingo, kwa hiyo freti, ile mistari inayokatiza shingo, ni alama tu. Chuma kikae juu ya mstari wenyewe, si nyuma yake kama kidole kwenye gitaa la kawaida, na ukitazame kutoka juu. Usikikandamize, uzito wake unatosha. Kidole cha pete na cha mwisho vilale juu ya nyuzi nyuma ya chuma, upande wa vigingi vya kukazia nyuzi. Bila hivyo, kipande cha uzi kilicho huko nacho hulia, na ndio huo mkwaruzo mnaouita ubovu wa ala.

Kutetemesha chuma kusubiri. Wengi hukitikisa tangu somo la kwanza kuficha noti ambayo haijakaa. Piga uzi mtupu, kisha uzi huohuo freti ya 12: ni noti ileile, ya juu zaidi. Zikikwaruzana, sogeza chuma, usiguse vitufe vya amplifaya.

Mkono wa kulia huvaa pete za kupigia, kama mpigaji wa kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab. Karibu na daraja, pale nyuzi zinapoegemea kwenye mwili wa gitaa, mlio ni mkali. Ukisogea kuelekea shingoni, hulainika.

Kuhusu mkopo wa ala: fomu hujazwa nakala mbili, kitambulisho kiwe halisi (picha ya simu haikubaliwi), na gitaa lirudi Ijumaa kabla ya saa kumi jioni. Hewa ya pwani ina chumvi, kwa hiyo pangusa nyuzi kila ukimaliza. Zikirudi na kutu utalipia seti nzima, hata kama ni uzi mmoja tu ulioharibika. Ukirudia, jina linaondolewa kwenye orodha hadi muhula ujao.

Mwisho, kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, na kikomo ndani ya nyumba za makazi ni desibeli 35. Baada ya hapo zima amplifaya, fanya zoezi la chuma kavukavu. Kusema majirani wa mtaa wa Kibokoni wanapenda muziki si kibali.